Kompyuta imefutwa mara tatu na virusi vimerudi mara tatu: vinapita wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kompyuta mpakato yangu imeingia virusi kwa mara ya tatu mwaka huu. Kila vikiingia nampelekea fundi. Anafuta kila kitu, anaweka Windows mpya, Office na antivairasi, nami narudisha kazi zangu kutoka kwenye flashi. Wiki chache zikipita, folda za kwenye flashi zinageuka shotikati, zile ikoni za njia ya mkato. Safari hii kuna mtu ameingia hadi kwenye barua pepe yangu, ingawa nywila yangu ni ndefu na nimeweka ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu. Mimi si mtu wa kutembelea tovuti za ovyo. Virusi hivi vinaingiaje? Vinaweza kuingia kwa kufungua ukurasa tu? Na je, huyu fundi ananizungusha?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na fundi, maana naona ndiye anayekukera zaidi. Sidhani anakuzungusha. Nadhani anakurudishia tatizo kwa mikono yake bila kujua, nawe unamalizia kwa flashi yako. Kufuta diski yote na kuweka Windows upya kunaondoa karibu kila uchafu ambao mtumiaji wa kawaida atakutana nao. Zipo programu hasidi zinazojificha ndani ya chipu ya ubao mama, na mwaka 2018 ilionekana moja ikitumika kweli, lakini hizo mara nyingi hulenga watu na ofisi maalumu, kama za serikali. Hazina haja ya kugeuza folda za mtu kuwa shotikati. Uchafu ukirudi baada ya kufuta, umeletwa upya, na kuna aliyeuleta.

Programu hasidi, iwe ya aina gani, ni programu tu. Ikiwa imelala kwenye diski bila kuendeshwa haiibi, haifuti, wala haijizalishi. Lazima kitu fulani kiiambie kompyuta ianze kutekeleza maagizo yake. Kwa hiyo nikiletewa kompyuta yenye virusi, swali langu la kwanza ni nani aliyeviendesha. Wanaoweza kuwa jibu ni wachache kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi ni mwenye kompyuta, aliyebofya kitu akidhani ni kingine. Mara nyingine ni programu halali yenye tundu, yaani kosa la kiusalama, iliyodanganywa ikaendesha maagizo ya mgeni. Mara chache ni programu uliyoiamini, iliyochafuliwa huko huko inakotengenezwa. Na wakati mwingine ni mtu mwenye nywila yako, anayeingia kama wewe.

Kwa mazoea tunaita vyote hivi virusi, nami nitaendelea hivyo. Kwa watu wa fani, kirusi ni kile kinachojibandika kwenye faili jingine na kusubiri hilo lifunguliwe, mnyoo husafiri wenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine, na trojani hujifanya kitu unachokihitaji. Programu moja ya leo inaweza kuwa yote matatu, kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya majina.

Sasa flashi yako. Ichukue uichomeke kwenye kompyuta safi na usibofye chochote mara mbili. Tazama orodha ya vilivyomo ikiwa imepangwa kwa safu, yaani jina, tarehe, aina, ukubwa. Windows haiandiki ukubwa wa folda kwenye orodha hiyo, safu hiyo hubaki tupu. Ukiona "folda" iliyoandikiwa 2 KB, hiyo si folda. Bofya kulia juu yake, fungua sifa zake, kisha soma mstari unaoonyesha shotikati inaelekea wapi. Hutakuta njia ya kwenda kwenye folda yako. Utakuta inaita cmd.exe au wscript.exe, programu za Windows za kuendesha amri, ikifuatiwa na maneno marefu yanayotaja faili lenye jina lisilo na maana, mara nyingi likiishia na .vbs, .js au .dll. Ukiibofya, inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaendesha faili hilo, kisha inakufungulia folda yako ya kweli. Kwa kuwa umeona kazi zako, huna sababu ya kushtuka.

Hapo imeshajinakili ndani ya kompyuta, imejiandikisha miongoni mwa programu zinazojiwasha pamoja na Windows, na inasubiri flashi nyingine ichomekwe ili nayo ipate yake. Folda zako halisi hazijafutwa. Zimepewa alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ndiyo maana hazionekani hata ukiruhusu vitu vilivyofichwa vionyeshwe. Kwenye kompyuta safi, fungua dirisha la amri na uandike hivi, ukibadilisha herufi E iwe ile ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi kuonekana, nawe utafuta shotikati zote pamoja na lile faili zilizokuwa zikiliita. Lakini kusafisha flashi huku kompyuta ingali na mnyoo ni kazi bure, utaichomeka na itachafuka tena papo hapo. Na kinyume chake ndicho kinachokupata wewe. Kompyuta inatoka kwa fundi ikiwa safi, unachomeka flashi uliyohifadhia kazi kabla haijafutwa, unabofya "folda" yako, basi. Nani ameendesha? Wewe. Usijilaumu sana, mtego wenyewe umetengenezwa ufanane na kazi yako ya kila siku.

Mchezo huu ni mkongwe. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM PC mwaka 1986, kilisafiri kwa disketi. Kiliandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliotia ndani yake majina yao, anwani na namba za simu. Maelezo yao ni kwamba walitaka kuwabana watu waliokuwa wakinakili programu yao bila kulipa, na jambo hilo la kunakili bila kulipa tutalirudia hapa chini. Kilikaa kwenye sehemu ya disketi inayosomwa kompyuta inapowaka, kwa hiyo kusahau disketi ndani ya mashine na kuiwasha kulitosha. Miaka ya baadaye Windows ikaleta urahisi wake: ukichomeka kifaa, inasoma faili liitwalo autorun.inf na kufuata kilichoandikwa humo. Mnyoo wa Conficker, uliotokea Novemba 2008, ulitumia nafasi hiyo kwa ujanja. Kwenye kidirisha kinachouliza unataka kufanya nini na flashi, uliongeza mstari wa bandia wenye picha ya folda na maneno ya kufungua folda uone mafaili. Aliyebofya mstari huo aliuendesha mnyoo. Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuzima uendeshaji huo wa flashi kwenye matoleo ya Windows yaliyokuwa bado nao. Tangu hapo, kwa kawaida, kuchomeka flashi tu hakutoshi, lazima mtu abofye, na shotikati za bandia zikashika nafasi. (Viko pia vifaa vya USB vinavyojifanya kibodi na kujichapia amri vyenyewe. Flashi uliyoiokota njiani iache huko huko.)

Lakini flashi haielezi barua pepe yako. Hapo nadhani jibu liko kwenye Office.

Sijaiona kompyuta yako, kwa hiyo nakisia. Kama hukununua leseni, na Office inafanya kazi bila kulalamika, basi huenda fundi ameiwezesha kwa kraki au aktiveta, yaani vijiprogramu vya kukwepa leseni, na pengine Windows yenyewe pia. Angalia jinsi vitu hivi vinavyowekwa. Maelezo yanayokuja navyo karibu kila mara yanasema: zima antivairasi kwanza, kisha endesha kwa mamlaka ya msimamizi. Yaani mtu usiyemjua amekuomba uondoe ulinzi na umpe mamlaka makubwa kabisa, nawe umekubali vyote viwili. Wala hahitaji tundu lolote. Na antivairasi ikipiga kelele, kila mtu anajua la kusema: "Hiyo ni kawaida ya kraki." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo hatari yake. Aktiveta isiyo na uchafu wowote nayo hukamatwa, kwa sababu inachezea mafaili ya leseni. Kelele ya kawaida na kelele ya hatari zinafanana, na mwenye nia mbaya anajificha katikati yake.

Nyingine hazikomei hapo. Zinaongeza sehemu ya diski kwenye orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague. Fungua mipangilio ya ulinzi wa Windows, tafuta orodha hiyo ya misamaha. Ukikuta folda usizozijua, au C:\ nzima, hapo umeshapata sababu ya antivairasi yako kukaa kimya miezi yote.

Na kinachokuja ndani ya kraki siku hizi si kile cha zamani cha kuzima kompyuta au kuandika matusi kwenye skrini. Kinachouzika ni programu za kuiba taarifa. Moja ya hizi huendeshwa kwa muda mfupi tu. Inasoma nywila zote ulizohifadhi kwenye kivinjari, inachukua vidakuzi vyake, yaani taarifa ndogo ambazo tovuti huziacha humo ili zikutambue, inavituma, na nyingine hujifuta baada ya hapo. Fundi akija kukagua haoni kitu.

Vidakuzi ndivyo vinavyoeleza ile namba ya uthibitisho ya simu. Ukishaingia kwenye barua pepe kwa nywila na namba, tovuti inakiwekea kivinjari chako kidakuzi kinachosema huyu ameshathibitishwa, asiulizwe tena. Mwizi aliyekinakili anaweza kukiweka kwenye kivinjari chake na kuingia moja kwa moja hadi ndani. Nywila yako ndefu haikuvunjwa, wala namba haikuibwa. Hazikuulizwa kabisa. Kwa hiyo kubadili nywila peke yake kunaweza kumwacha mtu bado yumo. Tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini, ingia kwenye mipangilio ya usalama wa akaunti, toa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo ubadili nywila. Kisha tazama vitu viwili ambavyo watu husahau: kama kuna kanuni inayopeleka nakala za barua zako kwa anwani ngeni, na kama namba ya simu au barua pepe ya kurejesha akaunti bado ni zako. Wezi wanapenda kujiwekea njia ya kurudi hapo.

Umeuliza kama virusi vinaweza kuingia kwa kufungua ukurasa tu. Vinaweza, ila si kama zamani. Kuna kipindi ambacho kivinjari kilibeba Java na Flash Player, na programu hizo zilikuwa na matundu yasiyoisha. Ukurasa uliweza kukagua una toleo gani, ukachagua tundu linalofaa, ukaendesha chake bila wewe kugusa kitu. Mwaka 2012 programu iitwayo Flashback ilinasa zaidi ya kompyuta 600,000 za Mac kwa kupitia tundu la Java, na ile imani kwamba Mac hazishikwi ikapata jeraha. Leo Java imeondoka kwenye vivinjari, Flash Player ilizikwa mwishoni mwa 2020, na kivinjari kinajisasisha chenyewe huku kikifungia kila ukurasa ndani ya eneo lake. Matundu mapya bado yanapatikana. Septemba 2023 liligunduliwa moja kwenye kipande cha programu kinachosoma picha za aina ya WebP, kiasi kwamba picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumfungulia mgeni njia. Lakini tundu ambalo halijazibwa ni ghali mno, na wanaolimiliki hulitumia kwa waandishi wa habari, wanaharakati na wanasiasa. Ukisasisha kivinjari chako, mimi na wewe hatumo kwenye orodha yao.

Kinachotupata sisi ni ukurasa unaotuomba tuendeshe wenyewe. Tangu 2024 kuna mtindo mmoja uliosambaa sana, na nitaueleza hatua kwa hatua kwa kuwa unawanasa hata watu wa kompyuta. Unafungua ukurasa, kinatokea kile kisanduku cha kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Unakibofya. Badala ya picha za pikipiki na taa za barabarani, unapewa maelekezo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ulipobofya kisanduku, ukurasa ulikuwa umeshaweka amri kwenye sehemu inayohifadhi ulichonakili. Windows na R inafungua kidirisha cha kuendesha amri, Ctrl na V inaibandika, Enter inaitekeleza. Amri yenyewe ni ya PowerShell, chombo cha Windows cha kuendesha amri, inakwenda kuchota programu mahali fulani na kuiendesha bila dirisha kuonekana. Kidirisha kile ni kifupi, amri ni ndefu, kwa hiyo unachokiona ni mkia wake tu, na kwenye mkia wameandika maneno ya kutuliza, kwa mfano kwamba wewe si roboti, pamoja na namba ya uthibitisho ya uongo. Hakuna faili ulilopakua na hakuna tundu lililotumika. Hakuna tovuti ya kweli inayohitaji ubonyeze Windows na R ili kujua kama wewe ni binadamu. Ukiombwa hivyo, funga ukurasa.

Kigezo chako cha tovuti za ovyo ni kizuri, ila hakitoshi. Ukurasa wa namna hiyo unaweza kuwekwa ndani ya tovuti ya heshima iliyovamiwa. Na unapotafuta programu kwenye mtandao, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, na wezi hulipia matangazo yenye jina la programu maarufu yanayokupeleka kwenye nakala ya tovuti yake. Unapakua, unasakinisha, na programu uliyoitaka inafanya kazi vizuri kabisa, ikiwa na mgeni wake pembeni. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayowanasa hata watu waangalifu. Andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe, au tumia duka la programu lililomo kwenye mfumo.

Barua pepe bado inafanya kazi yake ya miaka yote. Mei 2000 ulitoka Ufilipino mnyoo wa ILOVEYOU, uliokuja kama barua ya mapenzi yenye kiambatisho kiitwacho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa ikificha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo watu waliona .TXT, yaani maandishi tu, wakafungua. Uliharibu mafaili yao na kujituma kwa kila aliyekuwa kwenye orodha yao ya anwani. Aliyeuandika hakufungwa, kwa kuwa wakati huo nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Zaidi ya miaka 25 imepita na Windows bado inaficha mwisho wa majina hayo isipoambiwa vinginevyo. Sielewi kwa nini. Nenda kwenye mipangilio ya kuonyesha mafaili uuwashe. Kuanzia hapo ankara.pdf.exe itajionyesha jinsi ilivyo.

Kwa muda mrefu wezi walitumia pia nyaraka za Word na Excel zenye makro, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya waraka, huku wakikubembeleza ubofye kitufe cha kuruhusu. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za nyaraka zilizotoka kwenye intaneti, wao wakahamia kwenye aina nyingine za mafaili. Ukipokea faili la zip lenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa ndani ya barua ile ile, jiulize imefungwa ili nani asione. Kila anayesoma barua ana ufunguo. Asiyeweza kuona ni mkaguzi wa virusi wa huduma yako ya barua pepe.

Hadi hapa mtu amebofya. Kuna hali ambapo hakuna aliyebofya. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo uitwao SQL Slammer, wenye baiti 376 tu, ulipenya kwenye seva zaidi ya asilimia 90 kati ya zile zilizokuwa na tundu hilo ndani ya dakika 10 hivi. Dawa ya tundu ilikuwa imetolewa miezi sita kabla. Tarehe 12 Mei 2017 ikaja WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu kwa msimbo na kudai kikomboleo cha dola 300 kwa bitcoin. Ilipita kwenye huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ikarukia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa yake nayo ilikuwa imetoka tarehe 14 Machi mwaka ule ule. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha, au waliokuwa na Windows zilizokwisha muda.

Hapo tunarudi kwa fundi wako tena. Mafundi wengi wakishaweka aktiveta huzima na masasisho ya Windows, wakiogopa kwamba sasisho litagundua leseni si halali na kuvuruga kila kitu. Kama amefanya hivyo, umerudishiwa kompyuta yenye matundu yaliyokwisha kuzibwa duniani kote isipokuwa kwako. Kagua tarehe ya sasisho la mwisho. Kagua pia ni toleo gani: Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu programu uliyoiamini kuchafuliwa kiwandani, nitapita haraka kwa sababu mtumiaji hana la kufanya. Juni 2017 NotPetya iliingia kwenye kampuni nyingi kupitia sasisho la kweli la programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc. Waliosasisha kwa utiifu ndio walioumia. Usichukue hilo kuwa sababu ya kuacha kusasisha. Wanaoumia kwa kutosasisha ni wengi zaidi.

Na antivairasi ilikuwa wapi? Inafanya kazi kwa njia mbili: inalinganisha mafaili na alama za uchafu unaojulikana, na inachunguza tabia, mfano programu inayosoma ghafla hazina ya nywila za kivinjari. Waandishi wa uchafu huufungasha upya kila mara ili alama zisilingane, na huujaribu kwanza dhidi ya antivairasi zilezile tunazotumia. Kwa hiyo itakuokoa mara nyingi, si kila mara, na haikuokoi kabisa ukiizima mwenyewe. Ile iliyomo ndani ya Windows inakutosha. Kuweka ya pili juu yake kunaweza kuifanya kompyuta iwe nzito. Kama fundi amekuwekea antivairasi ya kulipia iliyokrakiwa, itoe leo.

Safari hii mwambie fundi afanye kwa mpangilio huu. Windows ipakuliwe kutoka kwa Microsoft, isiwe nakala iliyokaa kwenye flashi yake. Diski ifutwe yote. Masasisho yaishe kabla ya kingine chochote. Office iwe yenye leseni, au akuwekee LibreOffice, ambayo ni bure na inafungua nyaraka za Word na Excel. Hakuna aktiveta, hakuna kuzima ulinzi hata kwa dakika mbili. Mwambie pia akutengenezee akaunti mbili, ya msimamizi na ya kawaida, nawe ufanye kazi zako za kila siku kwenye ya kawaida. Programu ikiomba mamlaka utaulizwa nywila ya msimamizi, na swali hilo litakupa nafasi ya kusita. Ndipo usafishe flashi kwa ile amri, kwenye mashine ambayo haijabofya shotikati zake, na urudishe nyaraka na picha tu. Faili lolote lenye mwisho wa .exe, .vbs, .js, .bat, .scr au .lnk liache. Flashi inayozunguka kwa watu na kwenye mashine za kuchapishia iwe tofauti na ile ya kuhifadhia kazi, na ya kuhifadhia ichomolewe ukishamaliza kunakili, kwa sababu programu za kufunga mafaili hufunga na zile za kwenye kifaa kilichochomekwa.

Ikirudi tena baada ya hayo, usimpelekee fundi kwanza. Fungua historia ya antivairasi, uninakilie jina la uchafu ilioukamata, njia kamili ya folda ulipokuwa, na saa. Kwa hizo tatu nitaweza kukuambia nani aliyeuendesha.